Wa Maji ya Kunde, Mwenye Kifua

Tunu alimsikia mumewe akikohoa ndani ya mtungi.

Sio dirishani. Sio uani. Ndani ya mtungi…

Ilikuwa mchana kweupe, mlango umefungwa, na mume mwenyewe aliaga asubuhi kwamba anakwenda kiwandani.

Alibaki amesimama na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi. Kisha akainama, akatega sikio.

Sauti ya mwanaume mwingine ikasema, kwa mbali lakini maneno yanasikika: "Huyo wako wa nyumbani koo limeshapasuka. Achana naye."

Na mumewe akajibu: "Najua. Ila Tunu asijue kitu. Nataka aone tu siku ya kuingia ndani."

Jamani.

Sasa nyie mliouliza jana humu kwenye grupu spika gani ya bei poa inafaa sebuleni, kaeni hapo hapo. Mmetupiana picha za spika zinazowaka taa, mmetukanana mpaka admini kaingilia. Mie sina picha. Nina habari ya bibi yangu Tunu, ambaye spika nusura imtoe kwenye ndoa.

Ni enzi zile za Ujamaa, Temeke, nyumba ya vyumba sita na korido katikati. Sukari ilikuwa ya foleni. Redio ndiyo usiseme. Mtaa mzima ulikuwa na redio moja ya maana, ya fundi Apolinari, mtu wa Masasi, fundi mbao na fundi redio kwa pamoja. Akiwasha kwa betri ya gari, asubuhi na jioni tu ili betri isife, waya zinapita juu ya mabati mpaka kwa majirani. Kila jirani anajitafutia spika yake mwishoni mwa waya.

Hapo ndipo watu walipokuwa wakitunishiana misuli kama nyie.

Spika tupu ukiitundika msumarini inalia kama mbu. Ukiitia kwenye debe la mafuta ya kula, mtangazaji anasikika kama anasoma habari akiwa chooni. Ukiiweka juu ya mdomo wa mtungi, besi inatoka tumboni na hujalipa chochote, mradi mtungi unao.

Tunu alikuwa nao. Ndio uliokuwa ugomvi.

Ule mtungi mama yake alimpa siku anaolewa, akamwambia maji ya kwanza ya kumnywesha mumewe yatoke humo. Kondo, mumewe, akaukausha akaweka spika. Watu wakaja kusikiliza mpira, wakasifu, Kondo akavimba kichwa. Tunu akawa anachota maji ya kunywa kwenye ndoo na kununa. Aliwahi kumwambia mara moja tu kwamba mtungi ule haukuja kupiga muziki. Kondo akacheka, yakaisha.

Hayakuisha. Moyoni mwa Tunu hayakuisha hata kidogo.

Kwa hiyo mchana ule, sikio likiwa kwenye mtungi, alianza kujumlisha. Redio imezimwa. Mume yuko kazini. Kikohozi ni chake kabisa, kile kikavu cha vumbi la pamba la kiwandani, Tunu alikuwa akikisikia hata akiwa amelala.

Akasikiliza tena. Yule mwingine alikuwa akimpangia mumewe wanawake.

Alisema yupo mmoja mweupe, mwembamba, sura anayo, lakini ni kelele tu, kifua hana. Yupo wa pili, watu wote wa mjini wanamtamani, ila anakula sana, utafilisika.

"Mie ningekuwa wewe," ikasema ile sauti, "ningemchukua huyu wa maji ya kunde. Kifua kipana, hana makuu. Utatoa zaidi, lakini utakaa naye mpaka uzeeke."

Kikohozi.

"Huyo huyo," Kondo akasema. "Namchukua."

Nyie… hebu jiwekeni kwenye nafasi yake.

Miaka imepita na hakuna mtoto. Wifi yake, Mwanakombo wa Buguruni, kila mwezi anakuja na chupa ya mizizi na macho ya kupima tumbo. Tunu alishajua siku moja ataletewa mwenzie. Hakujua kwamba ataisikia posa ikipangwa ndani ya mtungi wa mama yake.

Akazunguka chumba. Akatoa nguo kwenye sanduku, akazirudisha, akazitoa tena. Akakaa, akasimama. Hakulia, maana kulia kunataka utulivu na yeye hakuwa nao.

Ndipo akakumbuka neno la mama yake. Mtungi usiachwe mkavu wala mdomo wazi, alimwambia, anaingia mkazi. Mkazi maana yake jini, watu wa pwani hatumtaji ovyo.

Basi kumbe! Mumewe yuko kiwandani, na jini wa mtungi amechukua sauti yake kumletea mwenye nyumba taarifa. Tunu aliona ni ihsani kubwa. Akachukua chetezo, akatia ubani, akauzungushia mtungi moshi. Akapiga magoti, akausogelea mdomo ule mpaka pua ikagusa spika.

"Mkazi," akasema, "ahsante umeniambia. Na mie nina la kukwambia, sijawahi kumwambia mtu."

Akageuka kuangalia kama mlango umefungwa, akaendelea.

"Aoe. Simzuii, dini imemruhusu. Lakini asioe akidhani kasoro ni yangu. Daktari alishanipima zamani, akasema mie mzima, aje mume. Sikumwambia Kondo. Nimekunywa mizizi ya dada yake mpaka natapika, ili watu wa Buguruni wanicheke mie wasimcheke yeye. Nampenda. Basi. Ukitaka mwambie, hutaki kaa nalo."

Akainuka. Kifua kilikuwa chepesi kidogo. Akafunga furushi lake, akaliweka nyuma ya mlango, akasubiri.

Kondo alirudi mapema kuliko kawaida. Hakuwa peke yake. Nyuma yake fundi Apolinari anahema, amekumbatia kitu kimefunikwa shuka jeupe.

Tunu akasimama mlangoni. Hakutoa salamu.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?" Kondo akasema.

"Wa maji ya kunde. Mwenye kifua. Mwiteni aingie nimwone, halafu mie nipite."

Fundi Apolinari ndiye aliyejibu, kwa furaha zote, akitua mzigo wake chini na kuvuta shuka.

"Huyu hapa, mama! Mninga mtupu. Nimemtengeneza mwenyewe."

Lilikuwa boksi la spika.

La mninga, limepigwa msasa mpaka linateleza, rangi yake ile ya maji ya kunde, na kitambaa kimetandazwa mbele kwenye kifua, spika mpya nyuma yake. Apolinari, miaka yote ile mjini, ngeli zilikuwa zimemshinda. Kwake msumeno ni huyu, mvua huyu, spika huyu. Yule mweupe mwembamba ni spika ya plastiki ya dukani. Yule anayekula sana ni ile kubwa inayomaliza betri. Na wa nyumbani aliyepasuka koo ni ile iliyokaa mtungini, karatasi yake imechanika. Kondo kwa fundi alikuwa akifuata lugha ya fundi tu.

Alikuwa ameomba ruhusa kiwandani ili anunue boksi, mtungi wa watu urudi kwa mwenyewe.

Tunu akakaa chini pale pale mlangoni. Akacheka, akalia, vyote kwa mpigo. Apolinari akadhani ni furaha ya mninga.

Kondo peke yake hakucheka.

Aliitoa spika juu ya mtungi. Akauosha mtungi mwenyewe kwa mchanga na majani, akajitwika begani, akatoka nao kwenda bombani. Mwanaume, Temeke, enzi zile, na mtungi begani! Wanawake kwenye foleni walimpisha kwa mshangao. Akarudi nao umejaa, shati limelowa, akachota kikombe, akampa mkewe kwa mikono miwili.

"Kesho nakwenda hospitali," akasema. "Mie. Sio wewe."

Kikombe kikamtoka Tunu.

Hakuwa amemwambia mtu. Alimwambia mkazi tu.

Akamuuliza kajuaje. Kondo akageuza uso, akasema kaota.

Alikwenda kweli, na majibu yakawa yale yale aliyoyadhani daktari: kasoro ilikuwa yake. Mwezi ule Mwanakombo alipokuja na chupa yake, Kondo aliipokea yeye. Akaifungua mbele ya dada yake, akainywa yote, akakunja uso.

"Hii ilikuwa yangu tangu mwanzo, dada. Mke wangu hana kitu. Ukitaka kusema Buguruni, kaseme hivyo."

Mwanakombo hakusema kitu Buguruni. Alipojifungua mtoto wake wa mwisho, alimwachisha ziwa akamleta Temeke na nguo zake, akamweka mapajani mwa Tunu akasema mlee, ni wako. Mtoto yule ndiye mama yangu.

Na boksi la mninga likapiga. Lilipiga taarabu, likapiga dansi, likatangaza vita na likatangaza amani, na kila Alhamisi bibi alilifukiza ubani na kulinong'oneza, kwa kuwa mkazi, alisema, alihamia humo siku spika ilipotolewa mtungini.

Mngedhani imeishia hapo. Haijaishia.

Babu Kondo alipokuwa kitandani, ile mara ya mwisho, aliniita akanifungia mlango. Akaniambia siri yake.

Spika ni sikio pia, mjukuu wangu, akasema. Ukifunga mbili kwa waya mmoja bila redio katikati, ukisemea huku inasikika kule, hafifu, mpaka uiweke sikioni. Siku ile Apolinari alikuwa amechomoa waya wetu kwenye redio akaufunga kwenye spika ya mezani ili aisikilize ile ya nyumbani inakwaruza wapi. Babu akaweka sikio… akamkuta mke wake.

"Nilisikia yote," akaniambia. "Fundi aliniuliza vipi. Nikamwambia inakwaruza."

Na kuna zaidi. Kila Alhamisi, miaka na miaka, babu akitoka kazini alipita kwa Apolinari redio ikiwa imezimwa, akaufunga waya ule, akategea. Bibi akimlalamikia mkazi kwamba Kondo hanisemeshi siku hizi, jioni Kondo anarudi na maneno mengi. Akisema mgongo unamuuma, Kondo anachukua ndoo kwenda bombani. Hakumwambia kamwe. Aliogopa akijua ataacha kusema, maana mbele yake bibi alikuwa mtu wa "hamna kitu, nipo sawa."

Mie nilichukia, sitaki kuwaficha. Niliona ni upelelezi. Mtu anamfungulia jini moyo wake na wewe umejibanza upande wa pili? Nikabaki nayo, inanikereketa rohoni.

Baada ya arobaini ya babu nilishindwa. Nikamfuata bibi, boksi lake liko pale pale limefunikwa kitambaa, nikamweleza kila kitu kwa uchungu, nikisubiri aanguke.

Bibi akasonya.

"Sasa wewe," akaniambia, "umeona wapi jini anakohoa vumbi la pamba?"

"Bibi… ulijua?"

"Wiki ile ile. Alhamisi nikamwambia mkazi natamani samaki changu. Jioni babu yako huyo, na changu wawili wameshikwa mikia. Nikanyamaza. Ya pili nikaomba kanga."

Nikakaa chini.

"Kwa nini hukumwambia unajua, bibi?"

Akaligeukia lile boksi.

"Angeacha kusikiliza," akasema. "Mbele yangu alikuwa mtu wa kucheka tu, hasikii la mtu. Kule kwa fundi ndio alikuwa na masikio."

Kisha akafunua kitambaa, akaweka kiganja kwenye ule mninga, na hapo ndipo bibi yangu alipolia. Waya ulishakatwa zamani, fundi Apolinari naye alishatangulia, upande wa pili hakuna mtu.

Basi nyie wa spika za bei poa, nunueni mtakayo. Kama hela ni ndogo, ushauri wangu ni spika ya kawaida kwenye boksi zuri la mbao, msidanganywe na taa, plastiki haina kifua. Ila aliye nanyi ndani ya nyumba msimsubirishe mpaka atafute mtungi wa kusemea. Na nyie wenye maneno, semeni mtu akiwa anawatazama usoni. Mie jana nilimwambia wangu mambo mawili niliyoyaficha tangu Ramadhani. Bado tunazungumza mpaka sasa, na wali umeungua.