Jiwe Lililomfuata Muthama

"Chungwa limeiva. Lichume kabla halijaanguka."

Redio ya Motorola ilitoa maneno hayo mara moja, ikanyamaza.

Mwangangi akaelewa. Kamata sasa, na ukiweza, kamata mzima.

Akakanyaga mafuta. Land Rover ikanguruma, ikaruka upande wa pili wa barabara ya Mombasa, ikalipita lori la simenti kwa nafasi ya kiganja. Mbele yake pick-up ya Peugeot 504 ilikuwa inakimbilia Mtito Andei, turubai lake likipigapiga upepo. Ilikuwa mchana wa jua kali, mwaka wa tisini na tano, na lami ilikuwa imeanza kulainika.

Mkono ukatoka dirishani mwa pick-up.

Pa.

Kioo cha Land Rover kikapasuka upande wa kushoto. Mwangangi hakuinama. Kuinama ni kwa wenye muda. Alitoa Browning yake, akaiegemeza kwenye kioo cha pembeni, akafyatua mara mbili. Tairi la nyuma likapasuka, pick-up ikayumba, ikaingia vichakani na kulala ubavu.

Dereva alitambaa nje, mguu umevunjika, bastola imepotelea nyasini. Mwangangi alimpita bila hata kumsemesha. Alikwenda moja kwa moja kwenye makasha yaliyokuwa chini ya turubai.

Ndani mlikuwa na mawe. Mawe ya plastiki, makubwa kama maboga, meusi, yamechorwa alama ambazo hakuna kabila lililowahi kuziandika.

Nieleze kidogo, maana bila hili utapotea. Mwaka huo madereva wa malori walikuwa wameshikwa na ugonjwa wa mchezo mmoja wa video. Unatumbukiza sarafu, unakuwa mwanajeshi wa anga, unatafuta jiwe lililoachwa duniani na viumbe wa kale kutoka nyota ya Zimuri. Ukilipata unafungua malango, unaua majeshi, unatawala. Sijui kwa nini viumbe wa michezo hiyo wakihama huacha jiwe lenye nguvu siku zote. Hawaachi sufuria, hawaachi hata kiatu. Basi mashine za mchezo zilipoingia kupitia bandarini zilikuja na mawe ya kupamba kumbi, na ofisa wa forodha aliyeyaona alicheka, akagonga muhuri.

Aliyeyaleta alikuwa Mzungu aitwaye Kessler. Ndani ya jiwe moja, moja tu, alikuwa ameficha kipande cha chuma kilichoibwa Ulaya ya Mashariki, chuma kinachotoa mionzi ya kuua bila sauti wala harufu. Mnunuzi alikuwa anangoja. Mpango wake ulikuwa kulipasua jiwe hilo katikati ya stesheni ya reli ya Nairobi.

Mwangangi alipitisha kipima mionzi juu ya makasha. Kimya, na kila jiwe alilolinyanyua lilikuwa jepesi.

"Jiwe lenyewe liko wapi?"

"Halimo," dereva alisema, jasho likimtiririka. "Dereva wa lori alichomoa moja hapa Mtito. Alifikiri ni toy. Kessler amepata jina lake kwa kampuni. Ameenda kwake, Mbooni. Leo asubuhi."

"Jina?"

"Muthama. Muthama wa Kikima."

Mwangangi alisimama pale, kipima mkononi. Kisha akairudia redio.

"Tumu, nasikiliza." Bi Tumu, mkuu wake, alikuwa mwanamke wa Lamu asiyepandisha sauti.

"Jiwe liko Kikima, Mbooni. Kwa dereva anaitwa Muthama."

"Unamjua?"

"Ni kaka yangu. Tumbo moja."

"Pole, mwanangu. Amekaa nalo muda gani?"

"Sijui."

"Likiwa ndani ya ganda lake la risasi, yale madini mazito, halimdhuru. Akilitoa ganda, basi. Nenda. Na Mwangangi, hakuna mtu wa kijiji atakayejua ni nini. Hofu ikiingia Nairobi, mnunuzi amefaulu bila baruti."

Barabara ya kupanda Mbooni haina huruma na gari. Mwangangi aliipanda kwa gia ya pili, milima ikiwa imevaa mahindi na miparachichi, na moyo wake ukimwambia mambo ambayo hakutaka kuyasikia. Muthama ndiye aliyemlipia karo. Muthama ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, kwenye lori la mawe, akimpiga kofi kila alipoisaga gia.

Boma lilikuwa na watu, ila wote walikuwa wamekaa mbali, ng'ambo ya ua wa mkonge. Hakuna aliyekuwa karibu na nyumba. Hakuna moto jikoni. Ndinda, mke wa Muthama, alikuwa Kitui kwa mamake mgonjwa tangu mwezi uliopita, na hilo peke yake ndilo lililomwokoa.

Binamu yao Muli alimzuia langoni.

"Usiingie, Mwangangi. Kithitu kimemkamata."

Kila Mkamba anajua kithitu. Ni kitu cha kiapo, cha kale kuliko babu wa babu. Hakiguswi kwa mkono na hakilazwi nyumbani. Anayekiapia uongo hufa, na anayekufa hivyo hapelekwi hospitali, hashikwi, watu hawali kwake.

"Aliapa?"

"Sisi wawili. Mambo ya mpaka wa shamba, wewe unajua. Alisema mpaka uko kwa ile mikonge ya juu. Nikasema uko chini. Tukaapa mbele ya wazee." Muli hakufurahi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Halafu wazee wakakuta kitu kwa nyumba yake, chini ya kitanda. Jiwe jeusi, liko na alama. Kithitu kilimfuata mpaka ndani, Mwangangi. Wazee wamekitoa na koleo ya mti, wamekipeleka kule mawe ya bondeni."

"Na yeye?"

"Amekubali. Jana amekubali alidanganya. Shamba nimepewa."

Mwangangi aliingia.

Muthama alikuwa amelala kwenye mkeka. Nywele zilikuwa zimemtoka kwa mafungu. Mkono wa kulia ulikuwa umeiva, ngozi imebanduka, na ndoo kando yake ilikuwa na damu. Lile jitu lililokuwa likibadilisha tairi la trela peke yake lilikuwa limebaki mifupa. Mwangangi alipiga magoti akamshika.

"Usinishike," Muthama alisema.

"Nyamaza. Lile jiwe ulilifungua?"

"Nilitaka tu kuweka kwa rafu. Ile ya game. Ilikuwa nzito, nikaona ndani kuna madini. Nikampatia fundi wa redieta, ayeyushe. Ikabaki kachuma kadogo. Nikakarudisha ndani." Akameza mate kwa shida. "Halafu nikaanza kutapika. Ndugu yangu, wewe umesoma, niambie. Mimi najua mpaka uko juu. Nau mwenyewe, baba yetu, alinionyesha, tukipanda hiyo mikonge na yeye. Lakini kithitu hakikosei. Sasa nikasema labda sikumbuki vizuri. Labda mimi ni mwongo na sijijui."

Mwangangi alikuwa amekula kiapo chake pia, Nairobi, mkono juu ya Biblia, asitoe siri ya kazi.

"Nakuja," akasema, na akajichukia.

Mlio wa injini ulisikika kutoka bondeni.

Alikimbia. Njia ya kushukia mawe ilikuwa imezibwa kwa matawi yaliyofungwa fundo, alama ya wazee kwamba mtu asipite. Hapo alikutana na dereva wa Kessler, kijana wa Machakos, akipanda mbio, funguo za Pajero mkononi, uso umempauka.

"Sokoni wametuambia jiwe liko huku, Mzungu ametuma mimi nichukue," alihema. "Nimeona hayo matawi, nimeona koleo. Mimi sigusi. Akanyage mwenyewe."

Kessler alikuwa amekanyaga mwenyewe. Alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya kitambaa, na alikuwa anatoka katikati ya mawe makubwa, jiwe jeusi amelikumbatia kifuani kwa mkono mmoja, bastola ya Makarov mkononi mwa pili. Kipima mionzi kiunoni mwa Mwangangi kikaanza kulia, tik, tik, kisha bila kupumua.

Mwangangi alijitupa nyuma ya jabali. Risasi ikachubua jiwe juu ya kichwa chake.

"Kessler. Liweke chini. Ganda limetolewa."

Mzungu alicheka. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha darasani. "Hadithi nzuri. Nililifunga ganda hilo kwa mikono yangu."

"Limeyeyushwa. Liko kwenye redieta za malori. Pima uzito."

"Ukinipiga, jiwe litaanguka na kupasuka. Mto uko hapa chini. Wangapi wanakunywa?"

Hapo alisema kweli. Mwangangi aliteremsha bastola. Kisha akafanya jambo ambalo wengi wangeliona ni la woga. Alirudi nyuma hadi kipima kilipotulia, akachagua jabali lililotazama njia pekee ya kutokea, akaketi.

Alipiga risasi moja mbele ya miguu ya Kessler kila alipojaribu kusogea. Hakumlenga yeye.

"Unangoja nini?" Kessler alipaza sauti.

"Wewe."

Jua likasogea. Kessler alikaa chini, jiwe mapajani, ameling'ang'ania. Alikuwa amevuka nchi nyingi kwa kuwaambia watu kwamba jiwe hilo si kitu, na sasa aliambiwa kwamba ni kitu, naye hakuamini. Asiyesikia la mkuu, wanasema, na mkuu si lazima awe rafiki. Baadaye alivua kofia. Baadaye akajifuta uso, akajifuta tena. Akatapika, akainua macho kumtazama Mwangangi kule juu, na macho hayo yalikuwa yameelewa.

"Nisaidie," akasema.

"Liache hapo. Tembea uje."

Aliliacha. Alitembea hatua chache, akaanguka kifudifudi. Mwangangi alimfunga pingu, akamvuta kivulini, akampa maji. Hakumpa zaidi ya hapo. Kisha akachukua koleo ndefu ya mti, ile ile ya wazee, akalibeba jiwe mbali na mwili wake, akalitumbukiza katika kasha zito la risasi nyuma ya Land Rover, aliyokuwa ameiacha barabarani. Kipima kikanyamaza.

Motorola ikaita.

"Tumu. Sema."

"Jiwe liko kwangu. Kessler yuko hai, si kwa muda mrefu."

"Vizuri sana. Kaka yako?"

"Naye vilevile."

"Mungu akupe subira. Kule kijijini wanasema ni nini?"

"Wanasema ni kithitu. Wanasema aliapa uongo."

Bi Tumu alifikiri. "Basi waache waamini hivyo. Hakuna kifuniko kizuri kuliko hicho. Uliapa, mwanangu. Kumbuka."

"Nakumbuka," alisema, akazima redio.

Alirudi bomani kwa miguu. Wazee walikuwa wameketi kwenye vigoda vyao ng'ambo ya ua, na ukoo mzima nyuma yao, wakingoja kifo kwa adabu. Mwangangi alisimama katikati ya uwanja, mahali Muthama angeweza kumwona kupitia mlangoni.

"Wazee wangu, nisikilizeni. Mimi si karani wa posta kama mlivyoambiwa. Nawinda wezi kwa niaba ya serikali, na niliapa nisiseme. Lile si kithitu."

Mzee Muthiani, mkubwa wao, aliinua mkono. "Limemla mtu. Tumeona."

"Limemla, ndiyo. Lingemla yeyote. Lingemla mtoto mchanga asiyejua kuapa. Ni chuma chenye sumu, watu wa mbali wamekificha ndani ya jiwe la mchezo. Yule Mzungu bondeni hakuwahi kugombania shamba Mbooni, nendeni mkamtazame. Anatapika kama Muthama." Akaonyesha mlangoni kwa mkono. "Kaka yangu hakudanganya. Mpaka uko pale aliposema."

Wazee wawili walishuka bondeni, watu wakangoja, nao waliporudi hawakuketi tena kwenye vigoda. Mzee Muthiani aliutazama mlango wa nyumba kwa muda.

"Tulimwacha peke yake," akasema.

Muli ndiye aliyetangulia. Alivuka ua wa mkonge, akaingia ndani, akatia mikono chini ya mabega ya Muthama na kumwinua. Alikuwa analia waziwazi, mtu mzima mwenye wajukuu. "Mpaka ni wa juu," alimwambia sikioni. "Nisamehe. Mpaka ni wa juu." Wengine wakaja, wakamshika miguu, kiuno, ule mkono mbovu, hata wasiokuwa na nafasi wakagusa mkeka, wakambeba hivyo hadi barabarani.

"Nilijua," Muthama alisema, akafumba macho.

Hospitali ya Nairobi haikuweza lolote. Alikufa kabla ya mwezi kuandama, na Kessler siku mbili kabla yake, na mnunuzi akakamatwa katika hoteli ya ufukweni akiwa amevaa taulo. Magazeti hayakuandika.

Ukoo wote ulichimba kaburi. Walipokezana jembe, Mwangangi akachukua zamu yake mara tatu, na Ndinda alipotupa udongo wake hakuna aliyesimama mbali naye.

Baada ya maombi, Mwangangi alishuka mteremko peke yake. Chini, kando ya soko la Kikima, Peugeot nyeusi ilikuwa imeegeshwa, na wanaume wawili wenye makoti walikuwa wameiegemea.

"Mwangangi wa Mutisya?" mmoja aliuliza. "Bi Tumu ametutuma. Ni kuhusu kiapo chako."

"Najua."

Alitoa Browning kiunoni, akampa kitako kikiwa mbele. Akajipangusa udongo wa kaburi viganjani, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaketi.

"Twendeni," alisema. "Shukeni polepole, hii kona ya kwanza ni mbaya."