Meno ya Bwana Kitambi

Asubuhi ile dada mtu alikanyaga ganda la konokono mbele ya tangi la samaki, akatukana. Ganda lilikuwa limesagwa, bado bichi, linanuka bahari. Na tangu azikwe mke wa kaka yake, hakuna aliyeingiza konokono ndani ya nyumba ile.

Tangi lilikuwa la marehemu. Humo kwenye maji ya chumvi aliishi bunju mmoja, samaki anayejivimbisha kama puto akiudhiwa. Marehemu alimwita Bwana Kitambi, akimlisha kwa mkono wake konokono na kaa wazimawazima. Sasa kazi ilimwangukia dada mtu, mwanamke wa kupenda kukaa na kuchukia kuinama.

"Dada, usimmenyee kamba," kaka yake, fundi wa funguo, alimwambia. "Mpe na maganda yake. Meno ya huyu hayaachi kukua. Asipotafuna kigumu, mdomo unaziba."

"Samaki ana meno? Basi mnunulie mswaki."

Akaendelea kumpa minofu laini. Bwana Kitambi akakonda. Meno yakatokeza, ya juu yakafunika ya chini, akawa anakigusagusa chakula na kukiacha. Akabaki kumtazama dada mtu, jicho moja likimfuata hadi mlangoni, la pili limetulia palepale.

Siku ya tisa tangu akanyage ganda lile, mchana kweupe, dada mtu anakunja nguo, akasikia kitu kinasaga. Kwaru, kwaru. Akadhani ni pampu ya tangi. Akaizima, lakini sauti ikaendelea, tena ikaja na harufu ya chumba cha mgonjwa, dawa na jasho na shuka lisilobadilishwa, harufu aliyoijua kuliko mtu yeyote mle ndani, na alipoweka kiganja mdomoni asitapike akagundua kwamba kinachosaga ni meno yake mwenyewe, yanasogea kwenye ufizi, yanashuka taratibu kama yana pa kwenda.

Kufika jioni midomo haikufunga.

"Kaka, nifiche," akanong'ona, mate yakimchuruzika. "Watu wasinione."

"Tulia. Fungua kinywa. Usiniume tu."

Akamchonga kwa tupa yake ya kuchongea funguo. Akamchonga kila asubuhi kabla ya kwenda dukani, unga mweupe ukimwagika kifuani, na kila alasiri meno yakawa yamerudi, marefu kuliko ya jana, mpaka siku ya nne, yale ya juu yakayafunika ya chini kama pazia, hata kijiko cha uji kikakosa pa kupita, na mwanamke akaanza kuisha huku sufuria imejaa.

Ndipo fundi akamleta mganga, mama mmoja mfupi mwenye mafua. Hakumtazama mgonjwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akatia kidole majini, akasikiliza.

"Humu mna jini," akasema kwa sauti ya chini. "Marehemu alikuwa akililisha bila kujua, nalo likampenda. Linauliza: taya la marehemu lilipokakamaa kwa ugonjwa, akawa hawezi kutafuna, nani alikuwa akimlisha?"

"Dada. Mimi nilikuwa dukani. Uji niliuacha umepikwa."

"Linasema uji dada yako aliunywa mwenyewe. Mgonjwa aliwekewa mkate mkavu. Wewe ukirudi, unaonyeshwa sahani imejaa, unaambiwa hataki kula."

Fundi akageuka. "Dada? Linadanganya, sivyo?"

Dada mtu aliinamisha uso. "Alikawia mno kufa," akasema, maneno yakipenya kwa shida. "Nilichoka, kaka."

Maji yakatoa povu mara moja, yakatulia. Harufu ile ya chumba cha mgonjwa ikakatika.

"Limekwenda," mganga akapiga chafya. "Lilitaka lisikike. Meno hayatakua tena. Hayo yaliyokwisha kukua, utayachonga wewe, fundi."

Fundi akaleta tupa na koleo dogo. Akamhamishia Bwana Kitambi kwenye bakuli la maji yake, akampunguza meno kwa upole kama anayemkata kucha mtoto mchanga, akamrudisha tangini na kumpa kaa. Dada mtu akasubiri zamu yake, kinywa mbele, machozi yanamtoka.

Kaka mtu akaifuta tupa, akaitia mfukoni. Akamwongoza dada yake chumbani, akamkalisha kitandani, akatoka na kufunga mlango kwa kufuli alilolitengeneza mwenyewe.

Mganga alikuwa anamngoja barazani. "Mwanangu, jini limeshatoka."

"Najua, mama," fundi akasema, akivaa viatu vya kazini. "Kazi iliyobaki limeniachia mimi."