Mwizi Aliyepandisha Kioo

Mwizi aliyeingia katika gari la mzee Libérat alipandisha kioo cha mlango kabla ya kuondoka.

Inspekta Modeste alikitazama kioo hicho kwa muda mrefu. Katika miaka kumi na tisa ya kazi yake ya upelelezi pale Uvira alikuwa amekutana na wezi wa kila namna, wakiwemo waliovunja kanisa na kupiga ishara ya msalaba wakitoka. Mwizi mwenye adabu kiasi hiki hakuwa amemwona.

Kilichoibiwa kilikuwa kitu kidogo tu: kiegemeo cha bunduki. Kilikuwa kipande cha mbao ya mvule chenye mfereji chini, kinachokaa juu ya kioo cha mlango kilichoshushwa nusu. Vis mbili, yaani skrubu, zilikibana. Juu yake palichongwa mahali pa kulaza mtutu, pakafunikwa kitambaa cha kitenge. Mwindaji anabaki kwenye kiti chake, analaza bunduki, anatulia, anapiga. Kwa kifaa hicho Libérat alikuwa akiwapiga risasi viboko waliotoka mto Ruzizi kuja kukanyaga mpunga wa Bwegera. Kijiji kilikula nyama. Vita vilipokuja, kambi ya wanajeshi nayo ikala, na ndiyo sababu mzee aliachiwa bunduki yake.

Bahati hiyo ilimgeukia. Mwaka huo wa 1999 komanda wa kambi alimwona akiangusha kiboko kutoka mita mia mbili. Akaamua kwamba jicho kama lile halipaswi kupotezwa kwa wanyama. Jumamosi asubuhi mzee apande milimani na gari lake, awapige risasi watu barabarani kupitia dirisha lile lile.

Alhamisi kiegemeo kikatoweka. Komanda akaagiza polisi kutoka Uvira, na amri yake ilikuwa fupi: mwizi asipopatikana hadi Jumamosi, basi mwizi ni mwenye gari, na atapigwa risasi kama msaliti.

Leo ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi.

Libérat alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa koti zito, mikono mifukoni. Jua la bonde lilikuwa kali kiasi kwamba hata kuku walikuwa wamejificha chini ya gari.

"Ulikiona mara ya mwisho lini?"

"Juzi, shefu. Jua ikiwa inazama."

"Milango ilifungwa?"

"Yote. Lakini vitre ilikuwa nusu, ju ya kiegemeo. Muntu anaweza kuingiza mukono, anafungua."

"Asubuhi ukakuta nini?"

"Kiegemeo haiko. Vitre imepanda mpaka juu."

"Una adui?"

"Viboko tu."

Inspekta alicheka. Mzee hakucheka.

"Mzee Libérat, ni weye ulikificha?"

"Ningekuwa minye, singekuwa na woga hivi."

Modeste alimwamini, na kumwamini kukamwongezea mzigo. Alikuwa na siku moja ya kumwokoa mtu huyu kwa kumpata mwizi. Na akimpata mwizi na kiegemeo chake, mtu huyu huyu angepelekwa milimani kuua.

Akarudi kwenye gari. Unga wa kuchukulia alama za vidole ulikuwa umekwisha Uvira tangu vita vianze, kwa hiyo alitumia macho. Kioo hakikuwa na mkwaruzo: vis zililegezwa polepole. Kiti cha dereva kilikuwa safi, ingawa gari lilisimama hatua chache tu kutoka mahali pa kupuria mpunga na vumbi la makapi lilitanda kila mahali. Kisha akaona jambo jingine. Kuzunguka tundu la ufunguo, mlangoni na kwenye usukani, palijaa mikwaruzo midogo mingi, kama ya mtu anayelikosa tundu kila siku.

Akamwita Cyprien, fundi wa gari, jirani wa mzee.

"Mzee anakunywa?"

"Libérat? Apana. Hata kasiksi hagusi."

"Basi nani anakwaruza tundu la ufunguo hivi?"

Cyprien aliinamisha kichwa. "Shefu, minye ni muntu wa moteri. Nilibadilisha ile tundu mara mbili. Ya tatu nikaacha. Sikuuliza."

"Vis za kiegemeo ulizitengeneza weye?"

"Njo minye. Zinalegea kwa vidole, bila ufunguo ya fundi. Yeye njo aliomba ziwe kubwa."

"Kwa nini kubwa?"

"Ile nayo sikuuliza," alisema Cyprien, na macho yake yakasema kwamba hakuwa na haja ya kuuliza.

Saa sita Pudentienne, mke wa mzee, ambaye majirani walimwita Mama Iradukunda kwa jina la mtoto wake, aliandaa chakula. Inspekta alikuwa amemletea kifurushi cha ndagala kutoka ziwani, naye akazikaanga na kuziweka pamoja na bugali. Akamimina chai. Kikombe cha mgeni kilijaa. Cha Cyprien kilijaa. Cha mumewe kilifika nusu. Libérat alisubiri mpaka wote wamegeukia sahani, ndipo akatoa mikono mifukoni, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa upesi.

Modeste aliona. Chai ilicheza ndani ya kikombe hata kilipokuwa nusu.

Alipomaliza kula alimfuata mama jikoni, akachuchumaa karibu na mafiga.

"Mama Iradukunda, mwizi gani anapandisha vitre?"

Pudentienne aliendelea kuosha sahani.

"Mwizi anataka kukimbia," alisema inspekta. "Huyu alisimama akazungusha mkono wa kioo mpaka mwisho. Alikuwa anaogopa nini?"

"Vumbi," alisema mama.

"Vumbi?"

"Vumbi ya mupunga. Inaingia mu kiti yake. Akikaa pale inamukohosha mpaka asubuhi." Akaweka sahani chini. "Nilikuwa naiba, shefu, na bado nikafikiri kifua yake. Muke ni mujinga."

Akaenda kwenye gunia la mpunga, akazamisha mkono mpaka begani, akatoa kiegemeo. Upande mmoja kilikuwa kimeungua, cheusi.

"Ulikitia motoni?"

"Niliweka. Nikakitosha tena mu moto."

"Kwa nini?"

"Ni mubao ya kitanda yetu. Ile tulilalia siku ya ndoa. Iradukunda alizaliwa juu yake. Kitanda ikavunjika, yeye akachonga hii." Akaipangusa ile sehemu nyeusi kwa ncha ya kitenge chake. "Kama ningekuwa na roho ngumu, mungekuta majivu."

"Na ulikiiba ili asiende."

"Niliiba ili baone mikono yake! Bila hii bunduki inacheza. Miaka mbili njo anaficha. Anavaa koti mu jua. Anafikiri sijue. Minye najaza kikombe nusu, yeye anafikiri sukari imekuwa bei kali." Akamgeukia inspekta. "Basoda ya komanda bakiona ile mikono, batamuacha. Muacheni anitetemekee minye. Asiende kuua batoto ya bengine mu dirisha."

Mlangoni pakawa na kivuli. Libérat alikuwa amesimama hapo, na haikujulikana tangu lini.

"Ulijua?" aliuliza.

"Toka siku ya kwanza ya koti."

"Ju ya nini haukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme weye."

Mzee alitoa mikono mifukoni. Ilitetemeka wazi, kila kidole kwa njia yake. "Niliogopa," alisema. "Bakinipokonya jina ya muwindaji, nilifikiri sitabaki na kitu."

Akachukua kile kiegemeo mikononi mwa mkewe, akakiangalia pande zote, akainama, akakiweka katikati ya mafiga, juu ya makaa.

"Baba Iradu! Mubao yetu!"

"Mubao iungue. Weye unabaki."

Sheria inamtaka inspekta alinde kielelezo. Inspekta Modeste aligeukia nje, akawahesabu kuku wa mama kwa makini sana, akarudia tena kuwahesabu. Moyo ulimjaa, na hakuona aibu.

Jumamosi komanda alifika na askari wanane. Majirani walisimama mbali. Modeste alimpa vis mbili zilizochomwa na karatasi ya maelezo, akaisoma kwa sauti ya ofisini: kwamba mke wa mwenye gari alichukua kipande cha mbao na kukitia jikoni, kama kuni.

"Kama kuni," alirudia komanda.

"Vita vimeleta uhaba wa kuni, Komanda."

Askari mmoja akacheka. Komanda alimtazama Pudentienne, kisha mkono wake ukashuka kwenye bastola, ukakaa hapo. Pudentienne hakurudi nyuma.

"Sawa," alisema komanda mwishowe. "Jicho bado analo. Apige bila mbao."

Akaweka kopo juu ya nguzo ya uzio. Hatua arobaini tu.

Libérat alivua koti. Watu wa Bwegera hawakuwa wameona mikono yake kwa miaka miwili, na sasa waliiona. Risasi ya kwanza ilimponyoka kabla ya kuingia kwenye bunduki. Ya pili pia. Ya tatu iliingia, akainua, na mtutu ukaanza kutangatanga kutoka kopo hadi paa la nyumba, kutoka paa hadi kwa askari, ambao walilala chini wote kwa pamoja. Jasho lilimtiririka. Alijaribu kwa kweli, kwa sababu mwindaji hawezi kuinua bunduki bila kujaribu.

"Basi!" alipiga kelele komanda. "Shusha! Shusha!"

Akaichukua bunduki kwa mkono wake mwenyewe. Alimtazama mzee. "Huyu amekwisha," aliwaambia watu wake, wakaondoka kwa njia ya Luvungi.

Hakuna jirani aliyecheka. Cyprien aliokota zile risasi mbili mavumbini, akazipangusa, akazitia mfukoni mwa koti la rafiki yake.

Walikaa kivulini mwa gari. Pudentienne alileta chai. Akamimina kikombe cha inspekta, akamimina cha Cyprien, akafika kwa mumewe, akasimamisha birika kwenye nusu kwa mazoea.

"Jaza," alisema Libérat.

"Itamwangika."

"Imwangike. Jaza, mama."

Akajaza mpaka juu. Libérat akakiinua mbele ya wote, kwa mkono mmoja, na chai ikamwagika kwenye vidole, kwenye goti, ardhini. Pudentienne akaketi karibu naye, akashika mkono huo kwa mkono wake, wakakifikisha kikombe mdomoni pamoja.