Matandiko ya Bibi Esteria

Haya yalimkuta Anord, jirani yangu hapa Gare. Msinione mzushi, kilichobaki kwenye kompyuta yake nimekisikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Alhamisi moja mchana, watu wengi wakiwa mashambani, Anord alijifungia chumbani kurekodi. Studio yake ndiyo hiyo: kompyuta ya mtumba, maiki aliyonunua kwa hela za karoti, na soksi nyembamba aliyoivisha kwenye kipete cha waya ili pumzi zisipige maiki. Kijana ana sauti, hilo simnyimi. Shida ilikuwa kuta. Kila alichoimba kilimrudia kama anaimba ndani ya pipa, na sponji za ukutani hakuwa na uwezo nazo. Wimbo ulitakiwa Jumamosi, siku ya kuanua tanga la bibi yake, Esteria.

Chumba cha bibi kilipakana na chake. Humo matandiko ya marehemu yalikuwa yamefungwa bunda moja kwa kanga, yakisubiri wakubwa wayagawe siku hiyo ya tanga. Kabla ya hapo hayaguswi, na mtoto wa Gare hahitaji kuambiwa. Anord akalifungua fundo. Blanketi mbili alizitundika nyuma ya maiki, kwa shuka akaziba dirisha, godoro akaliegemeza mlangoni. Akapiga kofi moja kujaribu. Mwangwi haukuwepo tena. Akafurahi, halafu akaona aibu kwamba amefurahi.

Maana alikuwa na lake moyoni. Siku bibi alipofariki, shangazi yake Shukrani, aliyekuwa akimuuguza, alikwenda Lushoto kufuata dawa. Kabla ya kuondoka aligonga mlango wa Anord. "Baba, msikilize bibi." Anord akaitika, akavaa hedifoni, akaanza kuimba. Maiki ikamletea sauti kutoka chumba cha pili: "Anord. Njoo." Aliona anaharibiwa kazi. Akasokomeza nguo chini ya mlango, akaendelea kuimba. Alipotoka, bibi alikuwa ameshapoa.

Ndugu walipouliza, alisema alikuwa shambani na shangazi hakumwachia maagizo yoyote. Basi lawama zote zikamwangukia Shukrani, kwamba alimtupa mama yake afe peke yake. Jumamosi, wakishagawa matandiko, wakubwa walikuwa wamfukuze kwenye ile nyumba. Anord aliyajua hayo, akanyamaza.

Alibonyeza kurekodi. Ubeti wa kwanza ulitoka safi. Ubeti wa pili, alipovuta pumzi, akasikia.

"Anord."

Akavua hedifoni. Kimya. Akavaa tena.

"Anord. Njoo."

Anayerekodi anajua kwamba sauti ya mbali huja na chumba chake, kuta na bati humo humo. Hii haikuja na chumba. Ilikuwa nzito, ya karibu, ya mtu aliyeweka midomo kwenye maiki. Akaitazama ile soksi. Ilikuwa imelowa, na ilikuwa inaingia na kutoka.

Akachomoa waya wa maiki.

"Njoo."

Alilisukuma godoro litoke mlangoni. Lilikuwa na joto, joto la mahali alipotoka kulala mtu.

Alikimbilia jikoni, ng'ambo ya uwanja. Mvua ilikuwa imeanza. Shangazi Shukrani alikuwa akimenya ndizi na mama yake Anord, Beatha. Tangu msiba, Anord alikuwa akimkwepa shangazi hata kwa salamu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakuinua macho.

"Uliniambia nimsikilize. Nilimsikia akiita. Nikaziba mlango."

Beatha aliangusha kisu. "Yesu wangu! Anord!"

Shangazi aliiweka ndizi chini. Kisha akanong'ona, "Nimekusamehe, mwanangu." Mama alimsikia. Anord alimsikia, akalia kama mtoto mdogo. Alidhani yameisha.

Wakaenda wote watatu kurudisha matandiko. Kompyuta ilikuwa bado inarekodi, waya uko sakafuni. Anord alichomoa hedifoni, akaifungulia ile rekodi wasikie wote. Wimbo haukuwemo. Yalikuwemo ya jikoni. Shikamoo. Marahaba. Mvua juu ya bati. Kisu kikianguka. "Yesu wangu! Anord!" Yote karibu, yote safi, kana kwamba yalisemwa kati ya zile blanketi.

Kisha mvua ikaendelea peke yake. Pale shangazi alipomsamehe hapakuwa na neno. Baada ya hapo Anord analia.

"Rudia, shangazi," alinong'ona, akachomeka maiki. "Nakuomba."

Shukrani aliinama, akasema tena: nimekusamehe, mwanangu. Wakasikiliza. Mvua tu. Akahesabu moja, mbili, tatu, na hesabu ikasikika vizuri kabisa. Akarudia msamaha mara ya pili na ya tatu, machozi yakimtoka. Pumzi zake zilinaswa. Maneno, hapana.

Beatha aliwaeleza wakubwa ukweli, na Jumamosi Shukrani hakuguswa na mtu. Yupo kwenye nyumba ya mama yake mpaka leo, anampikia Anord, anamwita mwanangu. Anord haimbi tena. Kila nikipita hunivuta ndani, hunivalisha hedifoni, hunitazama usoni aone kama leo nimeusikia ule msamaha.

Nasikia mvua.