Taa Ambayo Sikuiwasha

Mwenye taa hana timu.

Hapa kwetu Rivière-Landry, mji wa hoki ya barafuni, hata mtoto anayejifunza kusimama juu ya barafu anaijua kanuni hiyo. Mtu anayekaa kwenye kile kiti nyuma ya goli, kidole juu ya kitufe, hashangilii, hazomei, hanuni. Kisahani, kile kipande cha mpira mgumu kinachopigwa kwa magongo, kikivuka mstari wa goli, anawasha taa nyekundu. Kisipovuka, anatulia. Basi!

Ndugu zangu mnaonisoma, Jumapili ile kisahani kilivuka mstari.

Nilikiona kwa macho yangu mawili.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe...

Na sikuwasha!

Naitwa Onésime Robichaud, umri wangu miaka sabini na minne. Nilisomeshwa na masista, kisha na mapadri, nami nikafundisha hesabu miaka thelathini na minane katika shule ya mji huu. Sikuwahi kumwongezea mwanafunzi alama ambayo hakuistahili. Kiti cha taa nimekikalia misimu thelathini na mmoja, nikiitazama timu yetu, Wakata Magogo, ikishinda kidogo na kushindwa sana.

Watu walizoea kunitania dukani. "Robichaud angemwashia taa hata mama yake mzazi akifungwa!"

Nami, Mungu anisamehe, nilijivunia neno hilo.

Marehemu mke wangu, Délima, ndiye aliyeanza kuwakaribisha makipa. Timu ya daraja la chini haina uwezo wa kumpangia kila kijana nyumba, kwa hiyo familia za mji huwapa chumba na chakula. Délima alitaka makipa tu.

"Hao wengine wanavunja viti," alisema. "Kipa huvunjika mwenyewe."

Tena makipa hawadumu. Simu inalia asubuhi: huyu amepandishwa timu ya juu, yule ameachwa, yule amebadilishwa kwa beki. Alasiri hiyo hiyo anashuka mwingine, theluji mabegani, anauliza atalala wapi. Tulilea kumi na mmoja. Kuna aliyetapika kabla ya kila mechi. Kuna aliyezungumza na milingoti ya goli kwa upole kuliko alivyozungumza na binadamu. Kuna Mfini mmoja aliyekaa siku tisa, akaondoka na mto wa kulalia wa Délima.

Aliyedumu ni mmoja tu. Wendell Crewe, misimu mitatu.

Mwaka ambao miguu ya Délima ilikataa kabisa, Wendell ndiye aliyembeba kila asubuhi kumshusha ngazi, ili alione jua la jikoni. Alipofariki, Wendell alilibeba jeneza akiwa upande wangu.

Miezi mitatu baada ya mazishi, timu ikambadilisha kwa mshambuliaji wa Kunguru, timu ya mji wa Cap-Daigle. Sikulia mbele yake. Nilimfungia chapati za ngano nyeusi katika kitambaa, nikamwambia, "Simama vyema golini."

Chumba kikakaa kitupu mwaka mzima.

Kisha akaja Jory Pelkey, kijana wa miaka ishirini na miwili, mwenye mdomo usiofungika. Aliimba akiosha vyombo. Alipanda ngazi kwa kishindo kama farasi. Aliniita Babu tangu siku ya kwanza, bila kuomba ruhusa.

Nyumba ikawa nyumba tena.

Alhamisi kabla ya mechi ile, aliingia bila wimbo.

"Babu, nimekwisha."

"Kula kwanza."

"Kocha kasema tukipoteza Jumapili, Jumatatu anakuja mwingine. Keshapatikana kabisa! Jina lake nimeliona ubaoni."

"Huyo mwingine atakaa wapi?"

Jory aliinamia sahani yake.

"Katibu kasema makipa sasa watapewa vyumba karibu na kiwanda. Wanasema... wanasema umechoka, Babu. Wanataka upumzike."

Sitawadanganya tena, maana nimekwisha kudanganya mara moja na inatosha. Usiku ule sikuiwaza kazi ya Jory. Niliwaza ngazi zangu bila hatua za mtu.

Jumapili, saa nane mchana, ukumbi ulijaa. Kunguru wa Cap-Daigle walikuwa wageni wetu. Na golini kwao alisimama nani?

Wendell!

Zélia Cormier, muuza tiketi ambaye ulimi wake una makali kuliko viatu vya barafuni, alipaza sauti kutoka safu ya mbele.

"Wewe Wendell! Rudi nyumbani! Huku tumeletewa kipa anayefungwa hata na upepo!"

"Mama Zélia, mimi nilifungwa na ulimi wako kwanza!" Wendell akajibu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Mwenye taa hacheki.

Kipindi cha tatu na cha mwisho, mbili kwa mbili, zilibaki dakika nne. Jory alikuwa katika goli la mbele yangu. Mshambuliaji wa Kunguru akapiga shuti la chini, kisahani kikateleza chini ya goti la Jory... kikavuka! Kati yake na mstari niliiona barafu nyeupe, upana wa vidole viwili kamili.

Jory akakirudisha kwa kisigino, akakilalia.

Refa alikuwa amezibwa na miili ya wachezaji. Akaitazama taa. Watu elfu mbili wakaitazama taa.

Sekunde moja...

Mbili...

"Limeingia! Washa, mzee! Umelala au umekufa?" Nahodha wa Kunguru alikuwa akigonga kioo kwa gongo lake.

Refa akaja mbio.

"Mzee Robichaud, ndani au nje?"

"Nje."

"Una hakika?"

Nikamtazama kama nilivyowatazama wanafunzi wavivu. "Katika miaka thelathini na mmoja, umewahi kuniuliza swali hilo?"

Akaona haya. "Samahani, mzee wangu."

Fikirini jambo hilo. Refa aliniomba mimi msamaha!

Dakika zikaisha tukiwa sare. Katika dakika za nyongeza, kwa desturi yetu, timu hubadilishana magoli. Jory akaenda upande wa mbali. Na kipa aliyekuja kusimama mbele ya kiti changu, mgongo wake hatua tatu kutoka kidole changu, alikuwa Wendell.

Dakika ya pili, shuti. Nyavu zikatikisika.

Nikawasha taa papo hapo, bila kusita, na mechi ikaisha kwa ushindi wetu!

Wendell aligeuka, akaiona nyekundu, kisha akaniinulia gongo lake kama alivyozoea zamani. Kwetu, kipa anapomwinulia mwenye taa gongo, maana yake ni: umesema kweli, nimekubali.

Jioni ile Jory alinikumbatia jikoni hadi miwani yangu ikapinda.

"Babu, wewe ni dhahabu tupu!"

"Osha mikono, ule," nikamwambia. Sikuthubutu kumtazama. Naye hakuniuliza neno. Sote wawili tulijua.

Jumanne adhuhuri, Jory akiwa mazoezini, mlango wa nyuma ukagongwa. Wageni hugonga wa mbele. Wa nyuma hugongwa na watu wa nyumbani.

Alikuwa Wendell, begi lake kubwa la kipa begani.

"Shikamoo, Baba Onésime. Nimepita kukuaga."

"Marahaba. Kuniaga? Unakwenda wapi?"

"Wameniacha. Jana asubuhi."

Nilimpakulia supu ya njegere kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi.

"Kwa goli moja la dakika za nyongeza?"

"Goli lile! Hapana, lile lilikuwa halali, hata wao wanajua." Alicheka kidogo, akipuliza kijiko. "Ni fujo ya chumba cha kubadilishia nguo. Timu nzima ilikuwa ikipiga kelele kwamba lile la kipindi cha tatu liliingia, kwamba wewe ni mwizi. Nikawaambia, ninyi mmemwona mzee yule dakika moja kupitia kioo. Mimi nimekula mezani kwake miaka mitatu. Akisema halikuingia, halikuingia!"

Nikamwongezea supu, ingawa bakuli lake lilikuwa bado limejaa.

"Nahodha akasema, 'Wewe ni Kunguru au bado ni Mkata Magogo? Nenda ukalale kwa babu yako!' Kisha akakutukana, Baba. Akamtaja na Mama Délima. Basi, nikampiga."

"Wendell..."

"Nahodha ni mpwa wa mwenye timu, unadhani itakuwaje? Hakuna neno. Nina miaka ishirini na tisa. Mjomba ana mashamba ya viazi huko juu ya mto, ananihitaji." Akasukuma bakuli kando. "Ila nimekuja uniambie kwa kinywa chako, ili njiani niende na moyo mweupe. Halikuingia, sivyo?"

Ndugu zangu, hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kupona. Neno moja tu! Ningesema "halikuingia," naye angeinuka, angenibusu kipaji cha uso, angeondoka akinipenda hadi kaburini.

"Liliingia," nikasema.

Hakuelewa. Nikaona hakuelewa.

"Liliingia, Wendell. Kwa vidole viwili. Niliona."

Bomba la maji lilikuwa likidondoka.

"Kwa nini?"

"Yule kijana wangemfukuza. Nilitaka abaki nyumbani."

"Na mimi je?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi sikuwa wa nyumba hii?"

Niliinuka, nikalikaza bomba la maji.

Alilibeba begi lake. Mlangoni akasimama, nikadhani atarudi. Alikuwa akijifunga zipu ya koti.

Mchana ule ule niliandika barua kwa kamati ya ligi. Jory aliporudi aliikuta mezani, akaisoma akiwa amesimama.

"Babu, una wazimu? Nani kakuuliza? Mechi imekwisha!"

"Wendell ameniuliza."

"Utaniponza na mimi!"

"Najua, mwanangu."

"Basi ulinifichia ya nini? Ungewasha tu! Ningefungwa kama mwanamume, nifukuzwe kama mwanamume!" Alikuwa akilia, yule mcheshi wangu. "Sasa kila nitakapokwenda watasema, kipa wa taa ya wizi!"

Alifungasha kabla ya chakula, akaenda kulala kwa beki mwenzake. Ngazi zilishuka kwa kishindo mara ya mwisho.

Kamati ilikaa Ijumaa. Walisoma barua yangu wakautwaa ufunguo wa mlango wa kiti cha taa. Matokeo hayabadiliki, walisema, kwa kuwa neno la mwenye taa likishapokewa na refa uwanjani halifutwi. Mimi nimefungiwa kiti kile maisha yangu yote.

"Una ombi lolote, mzee?" mwenyekiti akauliza.

"Yatangazwe kwa kipaza sauti Jumapili, kabla ya mechi. Kwa jina langu kamili. Na isemwe kwamba Wendell Crewe aligombana na wenzake kwa ajili ya mtu mwongo, yeye mwenyewe bila kosa."

"Si lazima, mzee. Unaweza kustaafu tu kimya kimya. Tutasema ni afya."

"Huo utakuwa uongo wa pili."

Niliwapigia simu Cap-Daigle. Walinisikiliza kwa adabu. Walikwisha kupata kipa mwingine. Kwetu pia kocha hakungoja: Jory alisafiri kwa basi Jumamosi, na kipa mpya akapewa chumba karibu na kiwanda. Wendell nilimwandikia barua huko mashambani. Hajajibu, na si haki yangu kumdai jibu.

Ninyi mnaosoma, wengi wenu mmewahi kujiambia kwamba uongo wa kumwokoa mpendwa wako si uongo. Nami nilijiambia hivyo. Sikukumbuka kwamba kila mechi ina magoli mawili, na katika lile jingine amesimama mtoto wa mtu. Mara nyingine ni mtoto wako mwenyewe. Na yule uliyedhani unamwokoa, hukumwuliza kama anataka kuokolewa hivyo.

Jumapili nilinunua tiketi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu ujana. Zélia hakunitania. Aliniuzia kiti cha safu ya mbele, kando ya chake.

Kipaza sauti kikakwaruza. "Tangazo kutoka kamati ya ligi. Bwana Onésime Robichaud..."

Nilitarajia kuzomewa. Ningeshukuru kuzomewa! Lakini watu elfu mbili walinyamaza kabisa, na wale walio karibu nami wakatazama viatu vyao, kama watu waliomfumania baba yao. Nilikuwa nimesimama; nikaanza kuketi.

Zélia akanishika chini ya kiwiko.

"Simama wima, mwalimu," akaninong'oneza kwa ukali. "Darasani kwako tulisomewa makosa yetu tukiwa tumesimama."

Nikasimama wima, mikono kandokando, hadi jina la Wendell Crewe liliposomwa na tangazo likafika mwisho. Kisha refa akapuliza kipenga, na mwenye taa mpya akaweka kidole juu ya kitufe.