Darasa Alilochagua Tshilombo

Katika kambi ya wafanyakazi ya Musonoi, karibu na Kolwezi, aliishi mtu aliyeitwa Tshilombo. Baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, naye Tshilombo alifuata kazi hiyo hiyo. Kila siku alijaza mawe ya shaba katika mabehewa kwa koleo. Kazi ilikuwa ngumu, lakini ilimpa mshahara na nyumba ya matofali. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Mtu aliyepoteza kazi aliiacha nyumba pia.

Mwaka ule kampuni ilileta mashine kubwa ya kuchota mawe. Kwa mkono wake mmoja ilibeba mzigo ambao Tshilombo na wenzake waliuhangaikia asubuhi nzima. Kapita wao, yaani msimamizi, aliwaambia waziwazi: "Mvua zikianza, bantu ba koleo watapunguzwa. Mutu asiye na ufundi ajitafutie."

Wakati huo mke wake, Mbelu, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mama Ntumba, mama yake Mbelu, alikuja kwa treni kutoka Kasai kumsaidia. Kwa desturi yao, mama mkwe na mkwe wake hawakai uso kwa uso, wala hawazungumzi moja kwa moja. Kwa hiyo Mama Ntumba alikaa jikoni, nyuma ya nyumba, na Tshilombo alikaa barazani. Lakini nyumba ilikuwa ndogo. Kila mmoja alisikia yote.

Jioni moja, Mama Ntumba alisema kwa sauti kubwa:

"Mbelu, ambia bwana yako, mi nimesikia shule ya jioni inaandika majina."

Tshilombo alijibu kutoka barazani: "Mbelu, ambia mama, nimesikia pia. Iko darasa ya ukarani na darasa ya umeme. Mutu anachagua moja."

"Ambia yeye, hapo kuna kuchagua nini? Ku Kasai nimekwisha kusema kwa bote: mukwe wangu ni karani."

"Mama!" alisema Mbelu. "Mutu anabeba koleo, wewe unamwita karani?"

"Nilisema mbele kidogo tu. Sasa yeye afike pale nilisema."

Mbelu alicheka mpaka mtoto akaamka. "Ninyi wawili, mi nimekuwa waya ya telefoni!"

Tshilombo hakucheka. Yeye pia alitaka ukarani, akasema hivyo. Aliona haya mbele ya wakwe zake. Alitamani kuvaa shati jeupe na kurudi nyumbani bila vumbi.

Jirani yao, Omer Nkulu, alikuwa akipita, akasikia. Huyu alikuwa fundi wa umeme katika atelye, yaani karakana, ya kampuni, mtu wa kaskazini mwa Katanga, mpole na mwenye mzaha. Alisimama, akamwita "tata", yaani baba, kwa heshima.

"Tata Tshilombo, unataka ukarani juu ya nini?"

"Juu ni kazi ya heshima, Tata Omer. Nimesali Mungu anipe."

"Kusali ni muzuri. Lakini macho, Mungu alikupa ya nini? Kesho hautumike, ni siku yako ya kupumzika. Twende pamoja uangalie."

Asubuhi walifika penye ofisi ya kuandika wafanyakazi. Vijana wengi walikuwa wamepanga mstari, mashati safi, viatu vimepakwa rangi. Tshilombo alimtambua mmoja wao. Alikuwa Louis Muamba, aliyesoma maandiko kanisani kila Jumapili kwa sauti nzuri.

"Louis, unangoja nini?"

"Ukarani, tata. Cheti niko nacho. Kifaransa najua. Mashine ya kuandika, naandika bila kuangalia bidole. Tangu Pasaka banasema, rudia kesho."

"Na hawa wote?"

"Makarani wote, tata. Makarani bila viti."

Kisha mlango ukafunguliwa. Mtu mmoja akatoka na kuita: "Nani anajua kuunga waya? Nani anajua kurekebisha mota?"

Mzee mmoja tu, aliyekuwa kando, alinyoosha mkono, akaingizwa ndani papo hapo. Yule mwitaji aliita tena, akangoja, kisha akafunga mlango.

Tshilombo alishika kidevu. "Tata Omer, yule alitaka wengine. Hakupata!"

"Umeona mwenyewe. Ukarani ni kazi muzuri, mi siuchafue. Lakini viti vimejaa. Sasa waya za umeme zinatoka ku Lualaba, kule kwenye baraji iliyofunga mto, zinakuja kwa mashine zote. Mashine ikilala, nani ataiamsha?"

Waliendelea mpaka atelye. Hapo, kwa mara ya kwanza, Tshilombo alimwona jirani yake akiwa kazini, akamheshimu kuliko zamani. Kabla ya kugusa mota, Omer alikata umeme. Alichomoa fyuzi, akazitia mfukoni mwake. Kisha akapima kwa taa ndogo kama umeme umeondoka kweli, kana kwamba hajiamini.

"Lakini umekwisha kukata," alisema Tshilombo.

"Nimekata. Lakini mwenzangu anaweza kuja kuwasha bila kuniona. Fyuzi zikiwa mu mfuko wangu, atawasha na nini? Napima pia, juu nyumbani banangojea baba, habangojee maiti."

Alifungua mota. Ndani mlikuwa na waya mwekundu uliozungushwa kwa ustadi, mstari kwa mstari, kama nywele zilizosukwa.

"Hii ni nini?"

"Ni shaba, tata. Ile mawe unajaza."

Tshilombo aliigusa. Miaka yote alikuwa ameibeba bila kujua inakwenda kufanya nini.

"Hesabu ya kugawanya unajua?" Omer aliuliza.

"Kidogo."

"Basi utateseka kwanza. Kisha utajua."

Jioni ile Tshilombo alisali kwa muda mrefu. Alipoinuka, alikwenda kujiandikisha katika darasa la umeme.

"Mbelu!" Mama Ntumba alilia jikoni. "Ambia bwana yako, ameniua! Nitasema nini ku Kasai?"

"Mbelu, ambia mama, makarani niliwaona. Beko mu mustari, bila kazi."

Alipata taabu kweli. Baada ya kazi ya koleo, alishika kalamu kwa vidole vilivyokakamaa. Hesabu zilimchanganya. Lakini hakukosa darasa. Mbelu, aliyejifunza kusoma kwa masista, alimwuliza maswali barazani kabla ya chakula.

"Kwanza unafanya nini?"

"Napima."

Sauti ilitoka jikoni: "Mbelu, ambia huyo mutu, anataka kukufanya mujane? Kwanza anakata! Kisha anatia fyuzi mu mfuko! Kisha anapima!"

Mbelu na mumewe walitazamana. Mama mkwe alikuwa amejifunza somo lote kupitia ukutani.

Mvua za kwanza zilipokuja, kapita aliwakusanya watu wa koleo. Wengi waliambiwa watafute kazi kwingine. Tshilombo alisimama akisali moyoni. Kapita alipomfikia, alisema: "Wewe, mwalimu wako amekusemea vizuri. Kesho uende atelye, uwe msaidizi wa fundi." Tshilombo alimshukuru Mungu, lakini alitembea polepole na wenzake mpaka kambini, kwa sababu mioyo yao ilikuwa mizito. Aliwaeleza njiani mahali pa kujiandikisha kwa shule ya jioni.

Nyumbani, Mbelu alisikia habari, akapiga vigelegele. Jikoni Mama Ntumba alimkamata kuku. Baadaye Mbelu alileta sahani: kuku mzima, na filigisi juu yake, heshima ya mkwe. Tshilombo alimwita Omer. Walisali, wakala.

Ndipo sauti ya Mama Ntumba ikasikika.

"Mbelu, uliza Tata Omer: kwa bamama, kazi gani inatafuta bantu?"

Omer alifikiri. "Ku materniti, mama, pale bamama banazalia. Banatafuta wa kusaidia wakunga, na wanawafundisha. Anatakiwa mwenye kusoma."

"Mbelu anasoma," ilisema sauti. "Mi nitashika mutoto. Kesho asubuhi yeye aende kule, asimame mulangoni, aangalie kwanza."