Aliyebaki Mlimani Kara-Buura

Bonde la Chatkal lilikuwa limeishiwa unga, na siku ile hakuna dereva aliyekubali kuvuka mlima na lori la unga ila mimi. Pembeni yangu alikaa Kubat, mume wa dada yangu Gulbara. Ndivyo tulivyozoea. Mimi naendesha, yeye anafunga minyororo ya matairi, ile ya kuzuia kuteleza kwenye theluji.

Giza lilianza kuingia tukiwa karibu na kilele cha Kara-Buura. Theluji ilivuma ubavuni, barabara huioni. Mara matairi ya nyuma yakaanza kuteleza kuelekea korongoni.

"Simama, Turat," Kubat alisema. "Nifunge minyororo kabla hujatuzika."

"Fanya haraka basi. Siku hizi unafunga kama unasuka nywele."

"Kasuke za mkeo, punda wewe!" Akaruka chini akicheka.

Nikaisikia minyororo. Kling... kling...

Haukupita muda mlango wa pili ukafunguka. Kubat akapanda, akaketi, akaufunga taratibu.

"Twende."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Twende."

Nikaweka gia. Ndipo harufu ikanifikia... manyoya ya mbuzi yaliyolowa, na majivu ya siku nyingi. Nikamtupia jicho. Hita ilikuwa inawaka, lakini theluji ya kofia yake haikuyeyuka. Kioo cha upande wangu kilijaa ukungu wa pumzi. Cha upande wake kilikuwa kikavu.

Na kule nyuma ya lori...

Kling... kling...

Mtu alikuwa bado anafunga minyororo.

 Mara mlango wangu ukagongwa kwa ngumi.

"Turat! Fungua, vidole vinakufa!"

Nikafuta kioo. Alikuwa Kubat. Masharubu yameganda barafu, vidole vinavuja damu.

"Usifungue," yule wa ndani alinong'ona, bila kugeuka. "Huyo si mtu."

"Umempakia nani humo?" wa nje akapiga kelele. "Turat! Nani huyo?"

Sauti ile ile, pande zote mbili.

"Nionyeshe mikono," nikamwambia wa ndani.

Akaisukuma zaidi mifukoni. "Baridi, Turat. Twende tu. Gulbara ananingoja."

Nikafungua mlango wangu.

Upepo ukaingia na theluji yake, sikuona kitu. Mtu akanipanda magotini, akanipita, akaangukia kiti cha pili akitweta. Nilipoweza kufumbua macho, mlango wa pili ulikuwa unapigapiga kwa upepo, na humo ndani Kubat alikuwa mmoja tu.

"Endesha!" akasema. Nikaendesha. Sikusimama tena mpaka nilipoona taa za kijiji.

Asubuhi, tukishusha unga, akafika Mzee Orozbay, dereva wa katapila linalosukuma theluji barabarani. Akanivuta kando.

"Jana ulimwacha nani mlimani?"

"Sikumwacha mtu, mzee."

"Kuna mwanamume alikuwa anakimbia nyuma ya lori lako, analia jina lako. Nilipogeuza nimfuate, theluji ikaporomoka, ikaziba njia yote." Akashusha sauti. "Mikono yake ilikuwa inavuja damu, kijana wangu." Nikageuka kumtazama Kubat akibeba gunia: vidole vyake havikuwa na hata mkwaruzo.

Theluji ilipoyeyuka nilirudi pale na koleo. Nikachimba kutwa nzima. Sikupata hata kiatu.

Kubat hana neno. Anacheka, anataniana na watu. Ila hanywi chai mpaka ipoe kabisa, na mbwa wake amehamia kwangu, ukimrudisha anatoroka.

Nilimsimulia mama peke yake. Aliinuka akaenda kufunga mlango.

"Albarsti," akanong'ona. "Jini huyo huvaa sura yoyote aitakayo. Lakini hana shida na madereva, mwanangu. Anachokiwinda ni mwanamke aliye kwenye uchungu wa kuzaa."

Juma lililopita Gulbara alikuja na mumewe kutuambia ana mimba. Mama akanitazama. Kisha akamwomba dada aje ajifungulie kwetu, tena aje mapema, aje peke yake.

"Atakuja, mama," Kubat alijibu kwa upole. "Lakini hatakuja peke yake. Sibanduki kitandani pake mpaka mtoto atoke."

Gulbara akamshika mkono, uso umemchanua.

"Mnaona?" alisema. "Wanaume wengine hukimbia."